Ufunguzi wa Mheshimiwa

Wusi
Jumapili, 12 Januari 2025

Mwanangu Shanice,

Salamu nyingi kutoka huku juu kwenye baridi. Mimi shangazi yako ni mzima, ila magoti yanalalamika, na magoti haya hayajawahi kuridhika na kitu. Baba yako Donald alipanda kutoka Voi juzi, akala kuku wangu, akashuka. Ng'ombe ana mimba. Kabichi zimekubali, lakini maji ni yale yale ya kubeba mgongoni kutoka mtoni, na mgongo ni huu huu mmoja. Namsalimu pia naibu wa mwalimu mkuu wenu, Mwalimu Danson, ambaye najua anafungua barua zenu na kuzisoma kabla hamjazipata. Mwalimu, hujambo? Macho yanaendeleaje?

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka mwaka jana kikundi chetu cha akina mama kiliomba tangi. Tuliiandikia ofisi ya Mheshimiwa, tukaeleza kwamba mvua ya Wusi inanyesha vizuri sana, kisha inateremka yote kwenda kwa watu wasiotuhusu. Wakatujibu kwa semina. Vijana wenye tisheti walipanda na gari, wakatugawia soda, wakatuambia kwamba mwanamke wa leo huanza kuwezeshwa akili. Halafu wakashusha maboksi. Tulipiga vigelegele tukidhani ni mabomba. Kufungua, kumbe ni chesi. Mbao na vijisanamu, boksi baada ya boksi. Mama Susan, mweka hazina wetu, alichukua ngome mbili akazibia chupa za mafuta ya taa, na zimekaa vizuri kuliko vizibo.

Lakini mtu hapewi kitu akakitazama tu. Tulijifunza. Sasa huyo Mama Susan mchezo umemwingia kichwani, kila siku ananiuliza mchezaji anayejua huanzaje. Nikamwambia mwana wa kaka yangu yuko kwenye klabu ya chesi huko shuleni Bomeni, nitamuuliza. Anayetaka kujua ni yeye, si mimi. Mimi nina kazi.

Shangazi yako,
Wakio


Bomeni
Jumapili, 26 Januari 2025

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa stepla. Mwalimu Danson ameniambia nikwambie macho yake hayana neno. Huku Taveta ni joto, tunakunywa chai tukitoka jasho. Maji si shida, shule ina kisima na matangi matatu, na Mwalimu Danson huosha gari lake kila Ijumaa. Hesabu nimepata B, ila Baba asijue kwanza, ataanza kuuliza A iko wapi.

Mwambie Mama Susan hivi. Askari wa mfalme atoke hatua mbili. Afuate farasi, kisha askofu, halafu mfalme ajifiche pembeni nyuma ya ngome. Lakini kuna askari mmoja asimguse mapema, yule aliye mbele ya askofu wa upande wa mfalme. Akimsogeza huyo, kisha amsogeze na jirani yake wa mbele ya farasi, ni kama amefungua mlango wa nyuma na mwenye nyumba amelala. Malkia wa adui anatoka kwa mshazari mpaka ukingoni, anamwona mfalme moja kwa moja, na mchezo umekwisha kabla chai haijapoa. Mwalimu Carolyne, anayetufundisha chesi, anasema kushindwa hivyo si rahisi, lazima mtu ajitahidi sana.

Lakini Shangazi, huyu Mama Susan si ndiye aliyesema chesi ina farasi na askofu kwa hiyo ni dhihaka kwa kanisa? Amenishangaza. Kwangu hakuna jipya. Klabu inaendelea, mashindano ya maana hatuna.

Mimi mwanao,
Shanice


Wusi
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu Shanice,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Ng'ombe amevimba, siku zozote atazaa. Baba yako hajapanda tena, nadhani anangoja kuku mwingine akue. Mwalimu Danson, asante kwa stepla, nimeitumia kushikilia pazia.

Mama Susan anashukuru. Asubuhi anacheza akingoja chai, jioni anacheza akingoja ugali. Amewashinda wote kikundini, na mzee wa kanisa aliyepita kusema neno la Mungu naye akashindwa, akaondoka bila kulisema.

Sasa sikia. Mheshimiwa ametangaza kombe la chesi la wanawake wa kaunti nzima, Voi, Jumamosi tarehe 22. Mshindi kikundi chake kitapewa tangi la lita elfu kumi, au shule yake kama ni mwanafunzi. Hebu fikiria, mwanangu. Tuliomba tangi wakatuletea chesi, sasa wanasema tukiijua chesi watatuletea tangi. Wangelileta moja kwa moja tungekuwa tumeshaoga. Mshindi huyo pia ataingia timu ya kaunti iende Nairobi mwezi wa Aprili, lakini hilo kwetu si kitu, Nairobi haimwagilii kabichi. Tangi ndilo tunalolitaka. Katuku mjukuu wa Mama Susan alianguka na mtungi kwenye ule mteremko wa mtoni, mkono umefungwa mbao mpaka leo.

Siku hiyo nitakuwa Voi kwa shughuli zangu. Kikundi kimeshona vitenge sare. Hakuna sababu, tumependa tu.

Shangazi yako,
Wakio


Bomeni
Jumapili, 2 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumai hamjambo wote. Mimi niko. Likizo fupi sikupanda Wusi, nilikwenda Mghange kwa ndugu za Mama, na unajua kwa nini. Barua hii haina stepla kwa sababu Mwalimu Carolyne ameitia posta mwenyewe.

Nataka kuandika yaliyotokea Voi, maana kila aliyekuwepo anajifanya hakuona. Kwanza, nilikuficha kwamba nimejiandikisha kucheza na wanawake wakubwa. Niliogopa nikishindwa mtanicheka. Wewe nawe ulinificha kwamba yule Mama Susan anayecheza ni wewe. Kwa hilo tuko sawa. Nilipokuja kwenye meza ya fainali nikakuona umeketi ng'ambo na kitenge chako, nilifurahi Shangazi, nilifurahi kweli. Nilijua mmoja wetu atashinda na jioni tutakula pamoja.

Vipande vyeupe vilikuwa vyako, kwa hiyo uanze wewe. Lakini yule emsii, Sylus, akasema kwenye spika kwamba haiwezekani mambo yaanze na Mheshimiwa ameketi tu, kana kwamba hatukuwa tumesikiliza hotuba yake mpaka saa saba. Mheshimiwa akapanda jukwaani. Akaangalia ubao kama mtu anayechagua nyanya. Kisha akamshika yule askari wa mbele ya askofu, akamsogeza hatua moja. Ukumbi mzima makofi. Mwalimu Carolyne, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, akakwambia kwa upole kwamba hatua ya mgeni ni ya sherehe tu, unaruhusiwa kuirudisha ucheze yako. Ulimtazama yeye, ukamtazama Mheshimiwa, ukasema, "Mgeni hasahihishwi mbele ya watu."

Basi nikamtoa askari wa mfalme wangu, nikingoja Mheshimiwa ashuke. Hakushuka. Makofi yalikuwa yamemnogea. Akasema anamsaidia huyu mama amalize mapema, akamshika askari wa mbele ya farasi, akamsukuma hatua mbili nzima. Makofi tena. Shangazi, niliona, nawe uliona kwamba nimeona. Nilifikiria kucheza kitu kingine chochote. Ndipo ukanitikisia kichwa kidogo, vile unavyofanya kanisani ukitaka nisimame niimbe. Nikampeleka malkia mpaka ukingoni, nikasema chekimeti.

Mheshimiwa akamuuliza Sylus kama imeisha. Sylus akasema imeisha. Akauliza, "Na aliyeanza si ni mimi?" Sylus akasema ndiyo, ni wewe Mheshimiwa. Basi akaushika mkono wako akauinua juu. Mwalimu Carolyne alisimama aseme, spika zikafunguliwa muziki, na akina mama wa Wusi wakacheza mpaka mlangoni. Na wewe ulisimama pale mkono juu, ukatabasamu kwenye picha.

Mwalimu Danson alinisimamisha mbele ya shule nzima akasema nafasi ya pili nayo ni heshima. Ni shemeji yake Mheshimiwa, kila mtu anajua. Jina langu halimo kwenye timu ya Nairobi, limo lako. Tangi silitaki, tuna matatu. Nilitaka mtu mmoja tu aseme nilishinda, na wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko wote. Kwa nini hukusema?

Shanice


Wusi
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu mpenzi Shanice,

Nakusalimu kwa moyo wote. Ng'ombe amezaa jike, paji jeupe, tumemwita Malkia. Mkono wa Katuku umefunguliwa. Mwalimu Danson, nakusalimu kwa namna ya pekee leo. Tafadhali mwambie shemeji yako tangi limefika na tunashukuru mno, hatuna maneno.

Ni tangi zuri, jeusi. Ubavuni wamechora uso wa Mheshimiwa, mkubwa kama mlango, ndama akiuona anarudi nyuma. Koki hawakuleta, tumejitafutia. Ofisi ilitaka lizinduliwe wiki hii hii, likiwa tupu. Nikawaambia hapana, Mheshimiwa ni mtu mkubwa, haifai apigwe picha akifungua koki utoke upepo. Wakakaa wakalifikiria, wakaona ni hekima. Kwa hiyo tumefunga mifereji kwenye paa la kanisa na tunangoja mvua.

Umeniuliza swali, nami nimelisoma. Viwavi wameingia kwenye kabichi, safu ya juu yote imekwisha. Soma hesabu kwa bidii. Mvua bado, mwanangu. Mawingu yanakuja mpaka kilimani, yanatuchungulia, yanarudi. Ngoja mvua.

Shangazi yako anayekupenda,
Wakio


Bomeni
Jumapili, 16 Machi 2025

Shikamoo Shangazi,

Hongereni kwa ndama.

Nimekuuliza habari za chesi umenijibu habari za kabichi. Mimi ningeelewa kama ungesema uliogopa. Ningeelewa hata kama ungesema mlitaka tangi. Umesema viwavi.

Nikwambie ya huku, maana hii nayo ataitia posta Mwalimu Carolyne. Mheshimiwa sasa ana ufunguzi wake wa chesi, namna yake ya kuanza mchezo. Anazunguka shule kwa shule akiufundisha, eti ndio uliomtoa bingwa wa kaunti. Jumatano alikuwa kwetu. Alicheza na wasichana wa klabu mmoja mmoja, kila mara anaanza na askari wake wale wale wawili. Mwalimu Danson alikuwa ametuonya kabla kwamba atakayemjibu vibaya mgeni ataona. Kwa hiyo malkia wote walikaa nyumbani siku hiyo, na Mheshimiwa aliishinda shule nzima. Mimi nilisema naumwa na tumbo.

Ubao wangu nimemrudishia Mwalimu Carolyne. Sichezi tena, na sitaandika mpaka unijibu.

Shanice


Wusi
Jumapili, 30 Machi 2025

Mwanangu Shanice,

Barua hii haipiti posta wala ofisi ya mtu. Anaileta Mwalimu Carolyne kwa mkono wake, nami ndiye niliyemwita apande huku jana. Kwa hiyo leo Mwalimu Danson simsalimu, na nafasi hiyo nakusalimu wewe mara mbili. Hujambo mwanangu? Hujambo tena?

Mvua ilianza Jumatatu ikashika kazi. Kufikia Ijumaa tangi lilikuwa linafurika. Nilitoka na mwavuli nikaligonga kwa ngumi kuanzia chini mpaka pale mkono unapofika, likanijibu kwa sauti nzito kote kote. Nikaingia ndani nikapiga magoti, haya haya yanayolalamika, nikashukuru.

Sasa nakujibu. Tangi tupu, Shanice, vijana wanne wanalibeba na kulirudisha kwenye lori lililolileta. Tangi lililojaa halibebwi na lori, wala na Mheshimiwa, wala na shemeji yake. Hicho ndicho nilichokuwa nangoja. Ningefungua mdomo pale Voi, tusingeliona. Ningekuandikia baada ya hapo, Mwalimu Danson angesoma na siku ya pili lori lingekuwa mlangoni. Nikanyamaza, na nikaandika viwavi. Barua yako ile ya kwanza baada ya Voi niliisomea jikoni nikalia mpaka ugali ukaungua. Ya pili sikuthubutu kuimaliza, Mama Susan ndiye aliyenimalizia. Uliumia kwa sababu yangu, nami nilikuwa naona. Siombi uniambie si kitu.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya kuzindua. Hotuba ilikuwa ndefu, tulisikia habari za maji yote aliyowahi kuyafikiria. Akafungua koki, maji yakamrukia viatu, picha zikapigwa. Kisha Sylus akatangaza kwamba sasa bingwa wa kaunti atacheza na Mheshimiwa mwenyewe, aliyemfundisha. Meza ilikuwa tayari, kamera zimepangwa. Nikasema mgeni aanze, nikamgeuzia upande wa vyeupe.

Sikumwambia acheze nini. Alimtoa yule askari wa askofu hatua moja, akawatazama watu. Nikamtoa askari wa mfalme. Akamtoa wa mbele ya farasi hatua mbili, akaitazama kamera. Nyuma yangu nilimsikia Mama Susan akivuta pumzi. Kikundi kizima, mwanangu, kilikuwa kinajua, maana nilikuwa nimewafundisha barua yako neno kwa neno. Hata Katuku anajua. Nikamuuliza kama amemaliza. Akasema amemaliza.

Nikampeleka malkia ukingoni. Kisha nikainuka nikachukua maiki mkononi mwa Sylus, nikasema, "Chekimeti. Hivi ndivyo Shanice, binti wa kaka yangu Donald, alivyonishinda Voi. Mimi sijawahi kuwa bingwa. Bingwa ni yeye."

Mheshimiwa aliangalia ubao, akamgeukia Sylus akauliza kama imeisha. Sylus alikuwa anaangalia viatu vyake. Aliyejibu ni Mama Susan, kwa adabu zote. "Imeisha, Mheshimiwa. Na leo pia aliyeanza ni wewe."

Najua utasema mimi ndimi niliyesema mgeni hasahihishwi mbele ya watu. Ni kweli, na bado nasema hivyo. Lakini mgeni akishavuta kiti akaketi kucheza, huyo si mgeni tena, ni mchezaji.

Alizunguka tangi mara moja polepole. Kijana wake mmoja akalisukuma kwa bega, labda kujaribu tu, na bega ndilo lililorudi. Waliondoka bila kula. Pilau ilikuwa nyingi, tukaila sisi, na Mwalimu Carolyne akala sahani mbili kisha akawapigia simu wenye timu papo hapo, mimi nikiwa ubavuni namwambia asifiche neno. Wale wa timu walikuwa wameshaiona picha ya mchezo ule kwenye simu zao wakacheka mpaka hawawezi kuongea. Jina langu limetoka, limeingia lako. Aprili unaondoka na timu. Mwalimu amekuletea ubao wako pia, uchukue, usimsumbue.

Baba yako alikuwepo. Alisikia jina lako kwenye spika akageukia ukuta wa kanisa akajifanya anakagua mifereji. B ya hesabu sikumwambia, ingawa jana angeisamehe.

Uso wa Mheshimiwa tumeuacha pale pale ubavuni mwa tangi. Ndama ameshauzoea, sasa anajikuna hapo. Na barabara aliyotuahidi wakati wa kampeni nadhani tuisahau, tutashuka kwa miguu kama zamani, lakini hatutashuka kwa ajili ya maji.

Shule ikifunga pitiliza moja kwa moja huku, usipitie Mghange kwanza. Bado tunadaiana mchezo mmoja, ule tulionyimwa Voi. Nimeuweka ubao kwenye meza ya jikoni, karibu na dirisha. Nimefanya mazoezi, sitakuonea huruma hata kidogo. Vyeupe vitakuwa vyako, na hakuna mtu atakayekuanzia.

Shangazi yako uliyemshinda,
Wakio